Mlango Ukifungwa kwa Ajili ya Maradhi

Katika mwezi wa Machi 2020 lilitokea jambo ambalo wazee wengi hawakupata kuliona maishani mwao. Katika nchi moja baada ya nyingine serikali ziliwaamuru watu wafunge milango yao, wakae ndani, wala wasitoke pasipo lazima. Tarehe 11 ya mwezi ule Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza ya kuwa maradhi ya Korona yamekuwa maradhi ya dunia nzima. Shule zilifungwa, makanisa yalifungwa, mikutano ilikatazwa. Ilipofika Aprili, wanafunzi zaidi ya milioni 1,500 ulimwenguni walikuwa wamekatizwa masomo yao. Mtu aliyezoea kuamka, kunawa uso na kwenda zake kazini alijikuta mbele ya ukuta wa chumba chake, naye hakujua la kufanya.

Hapo likazaliwa swali lisilo la waganga peke yao, bali la kila mwenye akili na moyo. Mtu aliyefungiwa nyumbani afanye nini na siku zake? Tena, je, ni haki atafute kitulizo, aimbe, achonge, apike chakula kitamu na kucheka na watoto wake, hali jirani yake anakata roho?

Wako waliojibu upesi kwamba kukaa ndani ni kifungo tu, nacho hakina jema lolote. Wengine walijibu kwamba ni siku za mapumziko, na mwenye busara azifurahie. Wengine tena walisema kwamba ni deni: yule aliyepewa muda, asipotoka na kazi kubwa mkononi, ni mvivu. Majibu hayo matatu yafaa kupimwa moja moja, maana kila moja lina kipande cha kweli, wala hakuna hata moja lililo kweli nzima.

I. Jambo la kale

Kumtenga mtu kwa ajili ya maradhi si uzushi wa siku hizi. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ule unaoitwa leo Dubrovnik, ulitunga sheria kwamba wageni watokao mahali penye tauni wakae kando siku thelathini kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku hizo ziliongezwa zikawa arobaini, na kutoka katika neno la Kiitalia la arobaini ndipo lilipotoka neno karantini. Mji wa Venezia nao ulitenga kisiwa kizima mwaka 1423 kwa ajili ya wenye tauni, na mwaka 1468 ukatenga kisiwa cha pili kwa wale walioshukiwa tu, pamoja na bidhaa zao.

Katika kisiwa hicho cha pili, kiitwacho Lazzaretto Nuovo, limesimama hata leo jengo kubwa lililokuwa ghala la bidhaa. Juu ya kuta zake yako maandishi na michoro ya rangi nyekundu, iliyofanywa tangu karne ya 16 na wachuuzi, walinzi na wachukuzi wa mizigo waliongojea humo siku zao ziishe. Waliandika majina, tarehe, habari za merikebu zilizofika na mahali zilikotoka. Walichora alama za biashara zao na sura za watu. Hawakuwa mafundi wenye sifa, wala hakuna aliyewaagiza wala kuwalipa.

Basi kwa nini waliandika? Mtu aliyetengwa huogopa kufa, lakini huogopa pia kusahauliwa. Kwa alama ile nyekundu mchukuzi wa mizigo alisema: Nilikuwapo hapa, nami ni mtu, si gunia miongoni mwa magunia. Hapa umeanza kuonekana udhaifu wa jibu la kwanza. Mlango uliofungwa huuzuia mwili kwenda, lakini hauwezi kuuzuia moyo kusema. Kama kukaa ndani kungekuwa kifungo tu, kuta za kisiwa kile zingekuwa tupu.

II. Pepo wa adhuhuri

Hata hivyo haifai kusema kwamba kukaa peke yake ni jambo jepesi. Walioyachunguza mambo hayo kwa bidii kuliko wengine wote ni wamonaki wa kale wa jangwa la Misri, waliojitenga kwa hiari. Mmoja wao, Evagrio wa Ponto, aliyekufa mwaka 399, aliandika habari za jaribu moja alilolihesabu kuwa zito kuliko mengine. Alilifananisha na pepo ajaye mchana jua likiwa kali. Alieleza kwamba mmonaki aliyeshikwa na jaribu hilo huliona jua kana kwamba halisogei, na siku kana kwamba ina saa hamsini. Mara kwa mara hutazama dirishani, hutoka nje kuangalia kama yuko ndugu ajaye kumwamkia, huchukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, huwaza ya kuwa mahali pengine pangekuwa pazuri zaidi.

Mtu aliyekaa ndani mwaka 2020 angeitambua hali hiyo mara moja, ingawa dirisha lake siku hizi lilikuwa simu iliyo mkononi. Aliitazama, akaiweka chini, akaitazama tena. Hakuna habari mpya iliyomridhisha, na kila habari mbaya ilimvuta kutafuta nyingine. Mwisho wa siku alikuwa amechoka kama aliyelima, lakini shamba lake lilikuwa bado pori.

Wazee wale wa jangwani walijua tena kwamba ugonjwa huo wa moyo hauponi kwa kubadili mahali tu. Dawa zao zilikuwa tatu, nazo ni rahisi kutaja lakini si rahisi kutumia: kukaa pale pale, kuigawa siku kwa saa zake, na kushika kazi ya mikono. Walisuka mikeka, vikapu na kamba, wakaviuza na kujilisha, na kilichobaki wakawapa maskini.

Habari ya mmoja wao, mzee Paulo, imesimuliwa na Yohane Kasiano aliyeandika katika karne ya 5. Mzee huyo alikaa mbali na mji, safari ya siku saba na zaidi, hata gharama ya kupeleka vikapu sokoni ingezidi faida yake. Tende na bustani ndogo vilimtosha kwa chakula. Hata hivyo kila siku aliokota majani ya mitende, akajidai kazi kamili kama mtu anayedaiwa. Pango lake lilipojaa kazi ya mwaka mzima, aliichoma moto yote, akaanza upya.

Habari hiyo humshangaza msomaji, na ni halali ashangae, maana kuchoma vitu vyema si mfano wa kufuatwa na wote. Lakini ndani yake limo fundisho kuu. Watu wamezoea kuipima kazi kwa bei ya kitu kilichotengenezwa. Mzee Paulo aliipima kwa lile linalotendeka ndani ya mfanyaji. Kikapu kiliteketea, lakini mkono uliotulia, jicho lililozoea uangalifu na moyo ulioshinda pepo wa adhuhuri havikuteketea. Kwa hiyo mama aliyejifunza kushona wakati wa Korona, akashona vibaya, akafumua, akashona tena, hakupoteza siku zake, hata kama nguo ile haikumfaa mtu kuivaa.

III. Habari ya Newton, na namna inavyosimuliwa vibaya

Katika miezi ile ya 2020 jina moja lilitajwa mara nyingi, nalo ni Isaac Newton. Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza. Katika mji wa London peke yake wafu wa tauni walioandikwa rasmi mwaka ule walizidi 68,000, na inadhaniwa kwamba wengi hawakuandikwa. Chuo Kikuu cha Cambridge kikawarudisha wanafunzi makwao. Newton, kijana wa miaka ishirini na miwili, alirudi kwao Woolsthorpe, katika shamba la mama yake. Huko aliendelea kutafuta namna mpya ya hesabu za vitu vinavyobadilika, alichunguza nuru na rangi zake kwa kioo cha pembe tatu, akaanza kuwaza juu ya nguvu inayoushika mwezi katika njia yake. Alirejea chuoni kabisa mwaka 1667.

Habari hiyo ni kweli. Lakini wengi waliisimulia kama fimbo ya kuwachapa wenzao: Mwenzako alifungiwa ndani akaigundua siri ya ulimwengu, na wewe umefanya nini? Wasemao hivyo wamesahau mambo manne. Kwanza, Newton alikuwa ameanza kuyatafuta mengi ya mambo hayo kabla tauni haijafika; nyumbani aliyaendeleza, hakuyaokota. Pili, mwaka 1666 alirudi Cambridge kwa miezi michache, basi hakufungiwa mfululizo. Tatu, kitabu chake kikubwa juu ya mwendo na uvutano kilitoka mwaka 1687, yaani miaka ishirini baadaye. Nne, shamba la mama yake lilikuwa na chakula. Hakuwa na mtoto wa kubembeleza wala mgonjwa wa kuuguza, wala hakuogopa kwamba kesho chungu kitakuwa kitupu.

Kwa hiyo wakati mtupu si mbegu, ni udongo. Mkulima mwenye udongo mzuri asipokuwa na mbegu atavuna magugu, na mwenye mbegu asipopata udongo atazila kwa njaa. Aliyepewa utulivu na ambaye tangu zamani alibeba swali moyoni ashukuru, alifanyie kazi. Lakini yule ambaye siku zake zote zilikwisha katika kuwalisha watoto, kuwafua nguo, kuwazuia wasipigane na kuwafundisha kusoma bila mwalimu, mtu huyo hana deni la kulipa. Amefanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Hapo jibu la tatu, lile la deni, limeanguka.

IV. Ufundi mdogo wa nyumbani

Wako watu wanaodhani ya kuwa ufundi ni wa wachache tu, wale ambao majina yao huandikwa vitabuni. Yaliyotokea mwaka 2020 yalionyesha vingine. Italia ilifungwa nchi nzima tangu tarehe 10 Machi. Siku chache baadaye watu walianza kutoka kwenye roshani za nyumba zao jioni, mmoja na gitaa, mwingine na kinanda cha mkononi, mwingine na sufuria ya kupiga kwa mwiko, wakaimba kutoka ng'ambo moja ya njia hadi ng'ambo ya pili. Madukani hamira iliadimika, maana watu wengi walianza kujiokea mikate. Huko Uholanzi ulianza mchezo wa kuigiza picha maarufu kwa vitu vya nyumbani: taulo likawa kilemba cha binti wa kale, kitunguu saumu kikawa lulu ya sikioni. Nyumba ya makumbusho ya Getty huko Los Angeles iliwaalika watu wafanye vivyo hivyo, na maelfu wakaitikia.

Mambo hayo yaweza kuonekana ya kitoto. Hata hivyo mtoto ndiye mwalimu mwema wa jambo hili. Katika vijiji na mitaa ya Kongo nani asiyewajua watoto waundao motokari kwa waya na makopo matupu, na mpira kwa matambara na kamba za migomba? Hawangoji wapewe vitu vyema. Hutazama kilichopo, wakaona ndani yake kitu ambacho mtu mzima hakukiona. Huko ndiko kubuni: si kutengeneza kitu kutoka katika utupu, bali kukipa kilichopo maana mpya. Kwa hiyo uhaba wenyewe hauuui ufundi. Kinachoua ufundi ni kukata tamaa, pamoja na ile haya ya mtu mzima asiyetaka kuonekana anacheza.

Nyumba iliyofungwa iliwarudishia wengine hazina waliyokuwa wakiipita kila siku bila kuiona. Bibi mzee aliyekaa pembeni mwa moto, ambaye wajukuu walikuwa wakimwamkia mbio mbio asubuhi na kwenda zao shuleni, akapata tena wasikilizaji. Akawasimulia hadithi za sungura na fisi, akawatajia majina ya mababu, akawaonyesha namna ya kuchagua majani ya sombe na kuyatwanga. Katika nyumba nyingine baba, ambaye watoto walimjua tu kama mtu arudiye usiku akiwa amechoka, alionekana mchana akirekebisha kiti kilichovunjika, na mwana akamshikia msumari. Hakuna gazeti lililoandika habari hizo. Lakini mtoto aliyeshika msumari hatasahau.

V. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa

Sasa lapimwa jibu la pili, la wale waliosema kwamba kukaa ndani ni mapumziko tu. Jibu hilo ni la mtu mwenye ghala.

Nchini Kongo mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku chache baadaye shule, makanisa na mikutano ya watu zaidi ya ishirini vilisimamishwa, na tarehe 24 Machi Rais wa Jamhuri alitangaza hali ya hatari. Wakuu wa mji wakakusudia kuufunga Kinshasa wote kuanzia tarehe 28 Machi: siku kadhaa watu wakae ndani, kisha wapewe siku mbili za kutafuta chakula. Habari ilipoenea, watu walikimbilia masokoni na bei zikapanda kwa ghafula. Mpango ule ukaahirishwa kabla ya kuanza. Baadaye, tangu tarehe 6 Aprili, ulifungwa mtaa wa Gombe peke yake, mtaa wa maofisi na mabenki, pamoja na soko kuu la mji lililomo humo.

Jambo hilo lafundisha. Mama auzaye mikate au samaki hununua asubuhi kwa fedha ya jana, akauza mchana, na jioni akapika kwa faida ya leo. Yeye hana kesho iliyowekwa kabatini. Kumwambia akae ndani siku nne ni kumwambia asile siku nne. Nyumba yake ni chumba kimoja cha watu wanane. Maji ayachota mbali. Choo ni cha majirani wote. Je, huyo naye ahimizwe kufurahia utulivu wa nyumbani? Neno kama hilo, likitoka kinywani mwa mtu aliyeshiba, si faraja bali ni dhihaka.

Tena liko jambo chungu zaidi. Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango. Mlango mzuri waweza kuficha ndani yake ukatili. Mwezi wa Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliwaonya walimwengu wote kwamba wanawake na wasichana wengi walikuwa katika hatari kubwa mahali pale pale ambapo pangepaswa kuwa salama, yaani majumbani mwao. Kwa mwanamke apigwaye, mlango uliofungwa ulimfungia pamoja na adui yake. Kwa hiyo nyumba haiponyi kwa sababu ni nyumba. Huponya ikiwa wakaaji wake wanaponyana.

VI. Raha na faraja

Limebaki swali zito: je, ni haki kufurahi nyumbani wakati wa msiba wa wote? Swali hili ni la zamani. Tauni ya mwaka 1348 ilipouangamiza mji wa Firenze, mwandishi Boccaccio alitunga kitabu juu ya vijana kumi, wanawake saba na wanaume watatu, waliouacha mji wakaenda kukaa katika nyumba nzuri shambani, wakasimuliana hadithi mia moja kwa siku kumi. Wasomaji wamegawanyika tangu hapo. Wengine huwalaumu: waliwaacha wagonjwa barabarani, wakaenda kula na kucheza. Wengine huwatetea: kubaki kwao kusingemponya mtu, na kwa hadithi zao waliutunza utu wao usioze pamoja na mji.

Ili kuamua, yafaa kutenganisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya, yaani raha na faraja. Raha ni kutoona taabu. Mwenye raha aweza kuipata peke yake, hata kwa kumsahau mwenzake. Faraja haipatikani hivyo. Faraja huijua taabu, huitazama usoni, kisha hukaa karibu na yule anayeumia. Ndiyo maana mtu husema amekwenda kuwafariji wafiwa, wala hasemi amekwenda kuwastarehesha. Mwenye kutafuta raha hufunga mlango ili asisikie kilio. Mwenye kutafuta faraja hufunga mlango ili maradhi yasipite, lakini huacha sikio wazi.

Kwa kipimo hicho furaha ya nyumbani ni halali ikitimiza masharti matatu.

Sharti la kwanza: kufunga mlango kuwe tendo la kumpenda jirani, si la kumkimbia tu. Maradhi yapitayo kwa pumzi hayachagui. Kijana mwenye nguvu aweza kuyabeba bila kujua na kuyafikisha kwa bibi yake. Aliyekaa ndani kwa sababu hiyo alikuwa akiwatumikia watu asiowajua, ingawa mikono yake ilikuwa mitupu.

Sharti la pili: kitulizo cha mmoja kisile fungu la mwingine. Aliyenunua magunia kumi ya unga siku ile bei ilipopanda, akamwachia jirani rafu tupu, meza yake ilikuwa nzuri lakini chakula chake kilikuwa na deni. Ikiwa serikali au mkubwa wa kazi anawaamuru watu wakae ndani, ni wajibu wake kuuliza watakula nini humo. Amri isiyouliza swali hilo huwabebesha maskini mzigo wa wote.

Sharti la tatu: mlango ufungwe mbele ya maradhi, usifungwe mbele ya mtu. Jambo hili watu wa Kivu ya Kaskazini walijifunza kabla ya Korona. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 Ebola ilikuwa katika nchi za Beni, Butembo na pande za Ituri, ikaua watu zaidi ya 2,200. Mwanzoni jambo lililowatisha wengi lilikuwa kumwona mgonjwa akichukuliwa na watu waliofunikwa mwili mzima, asionekane tena. Kisha huko Beni vilitumiwa vyumba vya plastiki ing'aayo kama kioo, ambamo mgonjwa alitengwa, lakini jamaa zake walimwona na kuzungumza naye kutoka nje. Tena watu waliougua Ebola na kupona, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, waliajiriwa kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Yule aliyekuwa ametengwa jana, leo akawa mikono ya kumpokea mtoto ambaye wengine waliogopa kumgusa. Kama kuna ufundi wowote uliozaliwa katika kutengwa, huo unastahili sifa kuliko picha na nyimbo zote.

Lakini iko huzuni ambayo hakuna hekima iwezayo kuiondoa. Wako waliokufa peke yao, bila mkono wa ndugu kushika mkono wao, wakazikwa bila matanga, na jamaa zao hawakuruhusiwa kukusanyika. Kwao wale waliobaki, kuambiwa wapike, waimbe na kubuni michezo lilikuwa neno baya. Faraja ya kweli hujua pia kunyamaza. Katika nyumba ya namna hiyo, kuweka kiti cha marehemu mahali pake, kulitaja jina lake wakati wa chakula, kuandika habari za maisha yake kwa ajili ya wajukuu, hayo yalitosha. Nayo pia ni kazi ya kubuni, maana yanampa aliyekwenda mahali miongoni mwa waliobaki.

VII. Yanayobaki

Hali ya hatari nchini Kongo iliisha Julai 2020, na makanisa yakafunguliwa Agosti. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba Korona si hatari ya ghafula kwa ulimwengu tena. Lakini maradhi mengine hayakuchelewa. Tarehe 14 Agosti 2024 shirika lile lile lilitangaza hatari nyingine kwa sababu ya mpoksi, iliyokuwa imeenea sana Kongo, nayo ilidumu hadi Septemba 2025. Hakuna ajuaye ni lini mlango utafungwa tena, na katika nyumba ya nani.

Kwa hiyo wakati wa kujifunza kukaa nyumbani ni sasa, mlango ungali wazi. Nyumba ambayo watu wake hawazungumzi siku za amani haitajifunza mazungumzo siku ya tauni. Baba asiyewajua watoto wake watakapofungiwa pamoja atawaona kama wageni waliomjalia chumba. Jirani asiyeamkiwa leo hataombwa chumvi kesho. Bali nyumba yenye desturi ya hadithi jioni, kazi iliyogawanywa, ugomvi unaosuluhishwa kabla ya kulala, na sahani moja inayovuka ua kwenda kwa mjane, nyumba hiyo ina ghala ambalo hakuna amri ya serikali iwezayo kulifunga.

Maswali kwa mazungumzo ya jumuiya

1. Kwa nini watu waliotengwa katika kisiwa cha Venezia waliandika juu ya kuta? Katika mtaa huu watu huacha alama gani za maisha yao?

2. Mzee Paulo alichoma vikapu vyake. Je, iko kazi yenye thamani hata isipouzwa? Itajwe mifano mitatu.

3. Kuna tofauti gani kati ya raha na faraja?

4. Katika kijiji au mtaa huu ni nani ambaye kwake nyumba si mahali pa usalama? Mlango wa nani uko wazi kumpokea?

5. Amri ya kukaa ndani ikitolewa kesho, ni nani atakayelala njaa siku ya pili, na majirani wanaweza kupatana nini tangu leo?